Kufuli Isiyovunjwa

Mong'ina alikuwa fundi wa nguo mjini Oyugis, mwanamke wa maneno machache na mwepesi wa hasira. Mdogo wake Joyline, kitinda mimba wa familia, alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Alimsomesha, akamfunza kushona, na kila mmoja alitembea na ufunguo wake wa nyumba. Majirani waliwaita pacha kwa utani, ingawa walipishana miaka kumi na mitano.

Sabato moja, ploti nzima ya wapangaji ikiwa kanisani, Joyline aliumwa na kichwa akatoka nje peke yake kupunga hewa. Waliporudi nyumbani, cherehani haikuwepo. Kufuli ilining'inia pale pale, imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Basi, kesi ikaishia hapo. Mong'ina alisema mwizi wa nje huvunja, na majirani wakaitikia kwa vichwa, maana sisi watu kufuli tunaiamini kuliko damu yetu.

"Niangalie, dada," Joyline alimwambia. "Mimi naweza kukuibia?"

Mong'ina hakumwangalia. Alinyoosha mkono, akadai ufunguo wake. Kabla jua halijatua, Joyline alikuwa ameshaondoka kwenda Migori na mfuko mmoja wa nguo, na kanisani jina lake likawa la kunong'onwa.

Miezi minane ikapita. Alasiri moja Mong'ina alitoka bombani na ndoo ya maji, akamkuta jirani yake Machuki amesimama katikati ya nyumba aliyoiacha imefungwa, kabeba unga, ufunguo mkononi, kaduwaa. Milango ya ploti ile inafanana, na mawazo ya Machuki yalikuwa mbali.

"Pole, fundi," alisema huku akicheka. "Kumbe nimefungua kwako."

Mong'ina alitua ndoo. Alichukua ufunguo wake mwenyewe akapita nao mlango hadi mlango, akiujaribu, wenyeji wakimshangaa. Kati ya kufuli nane, tano zilifunguka. Mwenye ploti alizinunua zote siku moja, kutoka katoni moja ya bei ya kutupa, na aliyezitengeneza hakujisumbua kutofautisha funguo. Yeyote aliyewahi kupanga pale, akahama na ufunguo mfukoni, angeingia kwa Mong'ina bila jasho. Mong'ina aliketi chini kwenye vumbi akalia, na hakuwa analilia cherehani.

Kesho yake alifunga safari hadi Migori. Joyline alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Alimpokea vizuri, akamtolea kiti nje, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mong'ina alipiga magoti mbele ya wapita njia, akaomba radhi, akamsihi warudi wote nyumbani.

"Inuka, dada. Mimi nilikusamehe kitambo," Joyline alisema, na uso wake ulionyesha ni kweli.

Akachukua mtungi aende kuteka maji ya chai. Mong'ina aliinuka upesi aingie ndani awashe jiko, kama walivyozoea tangu zamani, mmoja maji, mwingine moto. Joyline alimtangulia mlangoni. Alitia kufuli, akaifunga, akaivuta mara mbili kuhakikisha.

"Ngoja hapo nje, dada," alisema kwa upole. "Kitu kikipotea, sitaki nikushuku."