Mkalimani wa Mama

Daktari wa kwanza aliniambia nina Asperger. Nilikuwa mwalimu mstaafu, nimechoka kuitwa mkorofi, nikalipenda jina lile. Alisema linakaribiana na usonji, ila mwenye Asperger huanza kusema mapema kama watoto wengine. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Kumbe mimi si kama mdogo wangu asiyesema!

Tulikulia Bukiriro, katika kijiji cha Ujamaa tulikohamishiwa, nyumba zote zimepangwa mstari. Watu wazima waliililia migomba waliyoiacha mahameni. Mimi nilifurahi, kila asubuhi nilizihesabu nyumba, nikazikuta zimetimia. Mdogo wangu alikataa katakata. Ukimwachia kidogo tu, yuko njiani kurudi kwenye mafiga yetu ya zamani. Yeye hakusema neno, mimi nilisema mpaka nikawachosha watu. Vita vilipoanza nilikariri taarifa ya habari kutoka redio ya mwenyekiti wa kijiji, nikawasomea wapita njia, wapende wasipende. Mimi wakaniita Redio, yeye Bubu. Lakini sote wawili hatukuvumilia sweta shingoni, na sote tulilia tukipitishwa njia ngeni kwenda kisimani. Hilo hakuna aliyelitilia maanani.

Mwaka huo wa vita mwalimu akaja kuandikisha watoto. Baba alikuwa mstari wa mbele na mgambo wenzake. Mwalimu alitoka mbali, hakujua Kihangaza, lugha yetu. Mama alijua Kiswahili cha salamu na cha kununulia chumvi. Nikawa mkalimani, nikajiona mtu mkubwa. Kila mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, umri umetosha. Nililifikia. Mdogo wangu naye alilifikia, tena akaling'ang'ania.

"Huyu anasema?" mwalimu akauliza.

Nikamgeuzia mama swali. Mama akaongea kwa kirefu, mkono begani kwa mwanawe: anaelewa kila aambiwacho, anachambua mbegu za maharage kwa rangi bila kukosea hata moja, mwalimu amchukue tu, maneno yatamfuata hukohuko shuleni.

"Ehe, anasema au hasemi?"

Nikajibu nilichoulizwa. "Hasemi."

"Haya. Wewe njoo Jumatatu."

Mama aliupokea mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili, akamshukuru sana kwa ajili yetu wawili. Jumatatu akatuogesha wote, akatupaka mafuta. Mmoja akarudishwa.

Juzi daktari mwingine, binti mdogo tu, akaniambia jina la Asperger wanaliacha. Wote sasa ni usonji. Watu wanatofautiana kwa kiasi cha msaada wanaohitaji. Nilikasirika, sifichi. Kuuliza si ujinga, nikambana: kama hali ni moja, mbona mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na mwingine hajui hata kuandika jina lake? Akasema wapo wasiosema ambao, wakifundishwa, husoma vizuri. Na wapo wasemaji hodari ambao ukiwauliza kitu hujibu hichohicho, wasione kwamba ulihitaji kujua zaidi.

Nikaukumbuka mkono wa mama begani kwa mwanawe.

"Kwenu yupo mwingine?" akauliza, kalamu mkononi.

"Yupo," nikasema, na safari hii sikuishia kwenye swali. Nilimwambia kwamba mdogo wangu hakusoma, na kwamba aliyemfungia mlango ni mimi.