Siku Niliyojifanya Kwaki Mbele ya Baba Mkwe

Habari hii siisimulii kwa raha, maana hata leo nikikutana na mtu wa Nyansurura aliyekuwepo siku ile, nageuza uso kama vile natafuta ng'ombe aliyepotea.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nafundisha fizikia sekondari moja pale Tarime, nimeolewa karibuni, na baba mkwe hakuipenda kazi yangu (alitaka nirudi nyumbani Nyansurura nikalime), basi mume wangu akamleta siku ya wazazi ajionee mwenyewe, nami nikaapa moyoni kwamba leo mzee ataelewa mpaka ndani ya protoni. Ningechora ubaoni yakaisha. Nikaona hapana, nikachukua tyubu za baiskeli, nikajifunga kiunoni pamoja na wanafunzi wawili, tukawa watatu.

"Ndani ya protoni mna chembe tatu, zinaitwa kwaki," nikasema. "Zikikaribiana, kila moja inajiendea tu. Ukiivuta moja itoke, wenzake wanaing'ang'ania."

Nikavuta, nikarudishwa, wazazi wakacheka, nami nikanogewa.

"Na ukizidi kuvuta mpaka kifungo kikatike," nikaendelea, huku navuta kwa nguvu zangu zote, "hupati kwaki peke yake. Nguvu ile inazaa kwaki mpya pamoja na kwaki-kinyume, na ile uliyoivuta inatoka imeshikana na hiyo kwaki-kinyume, wawili. Hiyo inaitwa mesoni."

Tyubu ikakatika. Mimi huyo mpaka mstari wa mbele, mapajani mwa baba mkwe, kiti kikavunjika, tukaanguka wote wawili (na kwetu Wakurya, mke wa mtoto hata mkono hampi baba mkwe wake).  Kisha mwanafunzi mmoja, tena kwa adabu kabisa, akauliza, "Mwalimu, hiyo ndiyo mesoni?"

Nilitamani kukimbia hadi Sirari nivuke mpaka niingie Kenya. Lakini nilijua nikiondoka pale, darasani sirudi tena. Nikasimama, nikajipangusa vumbi.

"Ndiyo," nikasema. "Andikeni."

Nikamaliza somo bila kuutazama ule mstari wa mbele.

Mbuzi wa kuondoa mwiko alichinjwa, wazee wakayamaliza. Baba mkwe hakunisemesha, alimwambia mume wangu, nami nasikia nikiwa jikoni: "Mkeo alianguka akaendelea. Mwache afundishe. Ila mwakani mimi nitakaa nyuma kabisa."

Basi hadroni, yaani protoni, mesoni na wenzao, nimezifundisha mpaka nimestaafu. Kuwa kwaki mwenyewe, hilo sitalirudia.