Mtu Asiye na Tatizo Lolote

Katika darasa letu la shahada ya uzamili ya saikolojia, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko sisi wote. Tulimwita Dada Mkuu. Mchana alifundisha shule ya msingi, na jioni alifika chuoni vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya gauni, akaketi mstari wa mbele. Aliishi na mama yake mzazi, fundi cherehani mstaafu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi. Mama ndiye aliyemsomesha tangu darasa la kwanza kwa kushona sare za watoto wa watu. Aliposikia binti yake anarudi shule kusomea mambo ya akili, alimwambia asihangaike kutafuta wagonjwa mbali, aanze na wajomba zake.

Muhula wa pili tulifundishwa vipimo vya kumbukumbu. Kabla ya kuruhusiwa kumpima mgonjwa, kila mmoja alitakiwa kujizoeza kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote, ili ajue majibu ya kawaida yanavyokuwa. Wengi wetu tulibaki kuwabembeleza majirani. Dada Mkuu hakuwa na shida hiyo. Mama yake alikuwa na ulimi mwepesi, na alikumbuka vipimo vya kiuno vya wateja waliokwisha kufa.

Walikaa mezani Jumamosi baada ya chai. Binti alimsomea mama maneno matano: sabuni, mlango, ng'ombe, barua, kofia. Mama akayarudia vizuri, akauliza kama hiyo ndiyo shahada yenyewe. Kisha akaambiwa achore uso wa saa. Alishika penseli kwa uangalifu wa fundi, akachora duara safi, halafu akazipanga namba zote upande mmoja, zimebanana, upande wa pili ukabaki mtupu. Alipoombwa kuyataja tena yale maneno, aliuliza, "Maneno gani?"

Dada Mkuu alijilaumu mwenyewe. Alidhani amesoma haraka, au redio ya jirani imemchanganya mama. Wiki iliyofuata akarudia, madirisha yamefungwa, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Alipompelekea mhadhiri kazi hiyo, aliomba radhi kwa kuivuruga. Mhadhiri aliutazama ule mchoro wa saa, akamwuliza huyu mtu ni nani kwake. Kisha akamwambia kwa upole kwamba katika kupima hakukosea kitu. Alikosea katika kumchagua mtu.

Siku hiyo aliondoka bila kutuaga. Nyumbani alimkuta mama uani na jirani yao, muuza mkaa, aliyekuwa akimsomea yale maneno kutoka kwenye karatasi iliyoachwa mezani. Jirani alicheka, akasema bibi ni mwanafunzi mkorofi, neno likiingia sikio hili linatokea lile. Mama hakucheka. Alisubiri jirani aende zake.

"Nimekufelisha, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Nilikuona ulivyokuwa unaikunja ile karatasi niliyochora saa. Mtihani wako nimeuharibu mimi."

Darasani tulikuwa tumefundishwa namna ya kumpa mtu habari ya aina hiyo: kaa karibu naye, tumia maneno mepesi, acha nafasi ya kimya. Dada Mkuu alikaa karibu. Maneno mepesi hayakuja. Mwishowe alimwambia kwamba mtihani ameufaulu, ila kipimo kinaonyesha huenda kumbukumbu ya mama imeanza kupotea, na ni lazima waende hospitali.

Mama alinyoosha kanga yake magotini.

"Kwa hiyo wewe hukufeli."

"Sikufeli, mama."

"Basi afadhali."

Hospitali walithibitisha. Mama alipoanza kuacha jiko likiwaka na kutoka mpaka barabarani, Dada Mkuu aliomba kuahirisha masomo. Tulimsihi, na mhadhiri alimsihi kuliko sisi. Alijibu kwamba chuo kina watu wengi wa kukiangalia.

Mchana, muuza mkaa humtazama bibi. Jioni, saa ya vipindi vyetu, ni zamu ya binti. Kila jioni mama humwuliza mbona hajaenda chuo, naye humjibu kwamba kimefungwa. Mama hufurahi, humwambia avue viatu apumzike, kisha humwuliza anasomea nini.