Baraza yangu mpya imejaa omena

Marafiki, leo Achieng' wa darasa letu amekuja kwetu kusoma, akakuta omena, wale dagaa wa ziwani, wamekalia nafasi yake.

Wiki nzima nimeitengeneza baraza ya nyuma, ile yenye jua, ili tusomee hapo. Sikuwa na hela, kwa hiyo niliisiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikaipamba kwa mawe meupe ya ufuko wa Karungu.

Nilipotoka kuoga, Nyanya alikuwa ameshaanika omena sakafu nzima.

"Asante, nyakwara, mjukuu wangu! Umenitengenezea mahali safi!"

Nilijibana tu kwenye kona na kitabu changu. (Mnanijua.)

Achieng' alipofika akacheka, akaokota kijiti.

"Wewe soma kwa sauti. Mimi nitafukuza kuku."

Kwa sauti! Mimi ninayenong'ona darasani!

Nimesoma mpaka omena wakakauka.

Nyanya anasema kesho ataanika wengine. Nimemwambia alete wengi.