Mto Nilioutia Kwenye Shamba la Mjomba

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Siku hizi situlii: nakaa, nainuka, natoka nje, narudi. Afadhali niseme!

Tangu shuleni nina ugonjwa wa kuchora ramani za nchi zisizokuwapo. Milima naitunga, miji naipa majina, mito naipitisha nipendako. Raha yake siwezi kuieleza!

Mjomba wangu alipogombania mpaka na jirani yake hapa Mwabungo, alinijia mimi. Kwetu Wadigo shamba la mjomba humwendea mpwa, kwa hiyo minazi ile ingekuwa yangu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Nichoree shamba letu niwapelekee wazee wa baraza."

Nikachora. Nikatia minazi yote, kisima na kaburi la bibi. Lakini upande wa magharibi palibaki peupe, na mkono ukaniwasha. Nikapitisha mto! Mwembamba tu, wa buluu, ili karatasi ipendeze.

Mjomba hajui kusoma. Alishika msahafu akaapa kwamba kila kilichochorwa kipo shambani. Wazee wakaja kutazama. "Mto uko wapi, Bwana?" Mjomba akanigeukia. Nami kwa woga nikajibu, "Ulikuwapo zamani. Umefukiwa na mchanga."

Walicheka! Nusu ya shamba akapewa jirani. Mjomba wangu, aliyekuwa akiombwa aswalishe watu, sasa huswali safu ya nyuma kabisa, na hakuna anayemwita mbele. Haya ni makubwa!

Shamba halimuumi kama kile kiapo. Basi ameshika jembe, anachimba nusu iliyobaki akitafuta njia ya mto wangu, apate kuwaonyesha kwamba hakuapa uongo.

Jana nilimkuta shimoni, limemfika kifuani, viganja vimechubuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu shuka ushike mchanga huu. Hauna unyevu kidogo?"

Nikashuka, nikaushika. Ulikuwa mkavu. Nikamwambia, "Unao, mjomba." Ya Rabi, nisamehe!

Nyinyi mnaowashikia kalamu wazee wasiosoma, nawasihi: msiongeze hata nukta ya kupendezesha. Na mkikosea, semeni papo hapo, mtu angali amesimama juu ya ardhi. Mimi nilinyamaza, na asubuhi hii mjomba ameanza shimo la pili.