Mama Mkwe Hakuulizwa

Usiku ule Mama Pasi hakulala, alijinyoosha tu. Kando yake mumewe, fundi seremala, alikoroma kama anayepasua mbao ndotoni. Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha mama mkwe, na huko ndiko yalikokuwa masikio ya Mama Pasi. Bibi huyo alikuwa ameingia mle tangu jioni, akatia komeo, akanyamaza. Na afisa wa ustawi wa jamii alitaka jibu asubuhi: mtoto anakuja au haji.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana mdogo wa makao ya watoto, mama yake amelazwa kwa maradhi ya kifua yanayotaka matibabu marefu. Mama Pasi alimfahamia kazini, kwenye duka la dobi alikopiga pasi miaka nenda rudi. Mlezi wa makao alipoleta mafurushi ya mashuka, alikuja naye. Mtoto alikuwa akisimama kando ya meza, anaota mvuke, anauliza. Mbona shuka hili lina kiraka? Mbona wewe huungui? Mbona unasema na pasi? Wafanyakazi wakambandika jina la Mbona, naye akaitika bila kinyongo. Siku mafurushi yalipokuja bila yeye, Mama Pasi aliunguza kola ya shati la mteja. Mwenye duka akamwambia akamtafute huyo mtoto kabla hajachoma duka zima.

Basi akaenda. Ustawi walimweleza waziwazi kwamba angekuwa mlezi wa muda. Mama akipona, mtoto anarudi kwao. Hapo ndipo hofu ilipomkaba. Ataweza kumfunga mtoto kamba za viatu siku ya kumrudisha? Alimuuliza mumewe, akawauliza wanawe wawili waliokwisha kuoa na kuhama, akamuuliza jirani, hata muuza mkaa akatoa maoni yake. Afisa alipokuja kukagua nyumba, akauliza mtoto atalala wapi, Mama Pasi alijibu bila kufikiri: kwa bibi yake.

Bibi mwenyewe, yaani mama mkwe, wakati huo alikuwa kwa binti yake, hana habari. Aliporudi jioni hiyo alimkuta mwanawe amepiga magoti katikati ya chumba chake, futi mkononi, anapima nafasi ya kitanda kidogo. Ndiyo kawaida ya Fundi, kupima kwanza na kuuliza baadaye. Akajieleza kwa kubabaika. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukimaliza kunipima na mimi, toka."

Mama Pasi alimtikisa mumewe gizani, akamwambia mama yake amekasirika. Fundi akajibu bila kufumbua macho kwamba hakukasirika, amenuna. Akikasirika huwa anaongea. Akageukia ukutani.

Kulipoanza kupambazuka, Mama Pasi alikwenda kugonga.

"Mama."

"Nimelala."

"Mama, tumekukosea. Chumba ni chako. Ukisema hapana, nitampigia afisa simu, na sitakununia."

Kitanda kililia mle ndani.

"Unadhani nalilia chumba," sauti ikasema. "Mmekaa nyinyi wawili mkaulizana kama mtaweza kumrudisha mtoto wa watu. Siku hiyo ikifika mtakwenda kulala chumbani kwenu. Kile kitanda kitupu atakitazama nani?"

Wiki zote hizo Mama Pasi alikuwa ameubeba woga huo akidhani ni wake peke yake, na kumbe alikuwa anamtwisha mwenzake bila hata hodi. Akaketi sakafuni, mgongo mlangoni.

"Naogopa, Mama. Nikimwacha kule naogopa, nikimleta naogopa."

"Wewe hata bomba likikohoa unaogopa."

"Ni kweli. Lakini siku hiyo sitakuacha peke yako. Nitahamishia godoro langu humo."

"Na mume wako?"

"Abaki na mikoromo yake."

Kitu kama kicheko kilitoka mle ndani, kikazibwa haraka na kikohozi. Mama Pasi aliposikia hivyo, mabega yake yakashuka. Alimjua mama mkwe wake. Akishacheka huwa hawezi tena kurudi kwenye kununa, hata ajitahidi vipi.

"Mtoto mwenyewe wa namna gani?"

"Anauliza maswali."

"Mengi?"

"Hayaishi."

"Afadhali," mama mkwe akasema. "Humu ndani hakuna anayejua kuuliza."

Nyayo zikaburuzika. Komeo likavutwa, na Mama Pasi nusura aanguke chali, kwa kuwa alisahau kwamba ameuegemea mlango. Mama mkwe alisimama kichwani pake, kilemba kimepinda, macho mekundu kama ya mtu ambaye naye hakupata usingizi.

"Inuka basi, mwanangu," akasema. "Ingia ushike huo upande wa miguu. Tukisogeze kitanda changu ukutani kabla fundi wetu hajaamka na futi yake."