Majina ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani katika karakana ya ushonaji, na pale ana majina ambayo hakupewa na wazazi wake. Cherehani ikigoma, ni Profesa. Ikipona, ni Kompyuta. Akinywa chai peke yake pembeni, ni Zezeta. Wanaomwita ni wafanyakazi wenzake walewale. Mimi hupita pale nikitoka shule, na mpaka leo sijaelewa lipi ni sifa na lipi ni tusi, maana yote huja na kicheko.

Ana tabia moja. Akishatega sikio kwenye cherehani, hasikii mtu. Salamu yako inaingia foleni. Akigundua ugonjwa wa mashine ndipo anainua kichwa na kujibu wote kwa zamu, marahaba kwako, salama kwako, hata kama ulishakwenda zako.

Juzi Bi Mkubwa, mwenye karakana, alikuwa anatafuta msimamizi. Mjomba aliitaka kazi hiyo. Alipiga pasi shati jeupe mwenyewe, akamwambia mama, dada yake, kwamba safari hii atasema. Mama akamwambia kwanza asalimie.

Bi Mkubwa alimkuta ameinamia cherehani inayokata uzi, nami nimesimama kando yake na begi langu la shule. Akamsalimia, akamuuliza kama yuko tayari kuwa msimamizi. Kimya. Nikamvuta mjomba shati. Kimya. Bi Mkubwa akangoja wee, kisha akasema yeye hajibiwi kwa mgongo. Kazi akampa Mcheshi, mshona vifungo, anayesalimia hata paka.

Bi Mkubwa alikuwa bado mlangoni mjomba alipoinua kichwa.

"Salama, Bi Mkubwa. Ndiyo, niko tayari."

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Kompyuta imewaka," akasema Mcheshi. Bi Mkubwa naye akacheka, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba akafuta tone la mafuta kwenye shati, likazidi kuenea.

Haukupita muda, cherehani ya Mcheshi ikakwama. Sasa akaita kwa jina jipya kabisa, sauti tamu kama asali: "Kichwa, njoo basi, ndugu yangu." Mjomba akaenda.

Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kama wale watu wanampenda au wanamdharau. Akatembea tu.

Tulipoingia ndani, mama akauliza imekuwaje. Mjomba alikuwa akitazama lile doa.

"Hata mimi sijui," akasema.

Sikujua ananijibu mimi au anamjibu mama.